Vinara Vyangu na Vinara vya Henriette

Jumatatu, 6 Mei

Habari kubwa! Jumamosi padri anakuja kusoma misa ya shirika letu la Wakatoliki wa mtaa, hapa hapa Keshero, uani kwa Muzee Mirindi, mkuu wa shirika. Muzee anatafuta vinara vya mishumaa, vya shaba, vya kuweka altareni. Jirani yangu Henriette akanyoosha mkono kabla muzee hajamaliza kusema. Nami nikanyoosha. Yote miwili! Muzee akasema tulete vyetu siku hiyo, atachagua vinavyong'aa zaidi. Mwaka jana vilikuwa vya Henriette, na jina lake likatajwa mbele ya watu wote. Mwaka huu, hapana.

Vyangu ni vya marehemu bibi yangu, vilitoka Bukavu vimefungwa ndani ya kitenge. Sasa ni vyeusi kama sufuria ya maharagwe. Haidhuru.

Jumanne, 7 Mei

Ndimu na chumvi! Nimesugua asubuhi nzima. Weusi unatoka, manjano yanatokea! Nikapiga vigelegele peke yangu jikoni. Bwana wangu Balagizi akaja mbio akidhani tumepata mgeni. Akaniambia nivisuuze kwa maji ya moto, kisha nivikaushe. Anajua nini? Yeye anauza magodoro sokoni Birere. Nimeviacha na chumvi yake vilale hivyo hivyo. Dawa iingie ndani.

Jumatano, 8 Mei

Dawa imeingia. Madoa ya kijani kila mahali, kama mkate ulioota ukungu.

Lakini mimi si mtu wa kushindwa. Nyuma ya nyumba mawe ya volkano ni tele, makavu, makali. Goma nzima imejaa dawa ya bure na hakuna anayeiona! Nimetwanga jiwe moja kwenye kinu, nikasugua kwa nguvu zangu zote. Kijani kimetoka. Na yale maua madogo yaliyochongwa, nayo yametoka. Imebaki mikwaruzo, kama paka wamepigana hapo.

Nililia kidogo. Bibi alikuwa akivifuta kwa pindo la kitenge chake, polepole, kama anafuta uso wa mtoto.

Kisha nikapata wazo.

Alhamisi, 9 Mei

Wazo lenyewe: vyangu vikishindwa kupanda, vya Henriette vishuke. Nani hajui tomati, hii nyanya ya kopo, inavyotoboa sufuria ya alumini? Nimeenda kwake na kopo la tomati. Nikamwambia, dada, umechoka, acha nikusaidie, hii ni siri ya kwetu Bukavu. Akafurahi, maskini! Akanipa chai na mandazi. Nikavipaka vinara vyake hadi vikawa vyekundu tupu, nikamwonya asivifute kabla ya jua kuzama. Nimerudi nyumbani nikiruka madimbwi kama msichana.

Ijumaa, 10 Mei

Henriette amenipungia mkono kutoka uani kwake. Anacheka. Basi bado hajavitazama! Nimeshindwa kula kwa furaha.

Jumamosi, 11 Mei

Vinang'aa kama dhahabu! Vya Henriette! Vyangu Muzee Mirindi hakuvitazama mara mbili. Aliuliza tu kama nyumba yangu iliwahi kuungua.

Baada ya misa Henriette akasimama mbele ya padri, akanishika mkono. Nikajua nimekwisha. Akasema: "Ni huyu Mama Nshobole njo alinionyesha siri ya tomati. Mimi nilikuwa namuonaka kama mutu wa wivu. Anisamehe." Vigelegele! Padri akanipongeza. Nikapokea yote kichwa chini, kwa unyenyekevu mkubwa sana. Kisha Muzee Mirindi akasema: "Mama, chetezo cha ubani cha parokia kimekuwa cheusi. Wewe ndiye fundi. Kichukue."

Fundi! Na jina limetajwa!

Jumapili, 12 Mei

Chetezo kiko mezani pangu. Cha bronzi, cha zamani, kizito. Henriette ameniletea tomati za kopo. Ananishauri nijaribu kwanza kidogo tu, upande wa chini, halafu nisuuze. Nikamshukuru, nikaziweka kabatini, tutazila na samaki. Fundi mkubwa hatumii dawa ambayo shirika zima linaijua.

Maji ya betri! Yanakula chuma, yatashindwaje na uchafu? Nimeshachota nusu kikombe. Huko nje Balagizi anapiga kiki, anapiga kiki, pikipiki yake haiwaki. Nimemwambia labda ni baridi.