Pampu Iliyopona Kabla ya Tuzo

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Kasulu. Vumbi. Nina furaha hata hivyo.

Bosi wetu wa redio, Mama Epifania, ametangaza kikaoni: nafasi ya ajira ni moja tu. Tunaoigombea ni wawili, mimi na Ndayiragije. Miaka mitatu ninajitolea, nasoma matangazo ya vifo kwa sauti tamu mpaka wafiwa wananishukuru, halafu nishindane na mtu aliyeanza juzi! Eti kwa sababu ana simu ya kamera tatu! Mama amesema atakayeshinda tuzo za waandishi mwaka huu ndiye atakayesaini mkataba. Makundi ni matatu: habari zinazojali jamii, insha za wanafunzi, na hadithi fupi. Nimepeleka habari. Kipindi changu cha Julai: pampu ya kitongoji kimoja upande wa Titye, imekufa miezi sita, akina mama wanashuka bondeni kugombea tope na ng'ombe. Nilipokisoma hewani nililia mwenyewe. Ndayiragije akasema nina mafua. Wivu!

Jumanne, 9 Septemba

Katibu wa tuzo, dada Esteri, amenipigia simu. Nimeingia tatu bora! Alhamisi jaji anakuja kuiona hiyo pampu kwa macho yake. Nikadandia bodaboda mpaka Titye, niwaambie akina mama wavae kanga zilizochakaa.

Lo! Pampu inatoa maji!

Yanamwagika! Watoto wanaoga, mbuzi wanakunywa, mtu anaosha pikipiki. Theodosia, mwenyekiti wa kamati ya maji, akanipokea kwa makofi na salamu za mwakeye zisizoisha. Huku kwetu huulizi jambo kabla hamjasalimiana mpaka na kuku. Nikapiga makofi nami, moyo unaniuma. Kumbe walisikia kipindi changu, wakaona aibu, wakachanga, wakaita fundi. Tangu Jumamosi pampu nzima. Machozi yakanitoka. Theodosia akasema hajawahi kuona mwandishi mwenye huruma namna hii.

Jumatano, 10 Septemba

Asubuhi nimerudi Titye. Nimemwomba Theodosia kesho pampu ipumzike, hadi saa sita tu, na akina mama wapite na ndoo tupu wakiwa na nyuso za Julai. Akaniuliza kama nimekunywa chai. Nikasema ndiyo. Akasema basi nikanywe nyingine.

Mpango wa pili, huu ndio wa akili. Kama pampu si mbovu, habari yangu ni uongo. Lakini uongo ulioandikwa vizuri una kundi lake! Nikampigia Esteri, naomba kazi yangu ihamie hadithi fupi. Akauliza, na pampu? Ya kubuni. Na huyo Theodosia uliyemhoji kipindini? Wa kubuni, hakuna mtu kama huyo duniani. Akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikaapa. Akataka maandishi. Nikaandika, nikasaini, nikagonga na muhuri wa redio. Sasa jaji hana sababu ya kwenda Titye. Kichwa hiki, jamani!

Alhamisi, 11 Septemba

Jaji amekuja hapa redioni. Mzee Manirambona, mwenye miwani. Amemfuata Ndayiragije kwa habari yake ya wachuuzi wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Nikampikia chai, nikijifanya mwanafasihi. Mara nyimbo barabarani! Akina mama kumi na wawili wa Titye, vikapu vya maharage kichwani, maana huku mtu akikutendea jema huendi kumshukuru mikono mitupu, wala kimya kimya. Wanamwimba Rigobert aliyeifufua pampu. Rigobert ni mimi. Nikaingia chini ya meza ya studio. Wakanitoa.

Jaji akafungua faili. Akamuuliza mama wa mbele jina lake. Theodosia. Jaji akasoma karatasi yangu kwa sauti, kwamba Theodosia hayupo duniani. Nyimbo zikakatika. Theodosia, kikapu bado kichwani, akaniuliza ni nani huyo asiyekuwapo.

Jaji akanieleza polepole. Walikuwa wanatafuta habari iliyobadilisha maisha ya watu. Yangu ilikuwa ya kwanza, kwa mbali. Alitaka kwenda Titye kuhakikisha kwamba maji yanatoka! Sasa haiwezi kuwa habari, mwenyewe nimeikana kwa saini. Wala haiwezi kuwa hadithi, kwa sababu ni kweli tupu na imekuja na maharage. Imetolewa kote kuwili. Ushindi kwa Ndayiragije.

Theodosia akampa Mama Epifania vikapu vyote. Akasema huyo Rigobert wa redioni naye huenda ni wa kubuni.

Ijumaa, 12 Septemba

Ndayiragije amesaini mkataba. Nimempigia makofi. Inauma, siwezi kuidanganya shajara yangu. Miaka mitatu! Mchana nikasoma matangazo ya vifo, sauti ikanikatika. Wafiwa wawili wakapiga simu kunipa pole.

Jumapili, 14 Septemba

Baada ya ibada nimekaa nikalitafakari kosa langu kwa unyenyekevu. Nimeliona. Niliitangaza ile pampu mapema mno! Julai mpaka Septemba, watu wana muda wa kutengeneza kila kitu.

Jana nilikuwa Kibondo. Njiani nimeona daraja la miti limekatika kabisa, watu wanavuka kwa kubebana mgongoni. Zuri ajabu! Sitalitaja kwa mtu yeyote hadi tuzo za mwakani, siku moja kabla ya kufunga kupokea kazi. Kuna mzee pale alikuwa ameshaanza kuchana mbao za kulikarabati.

Nimemshauri asubiri.