Herufi Zilizoishia Chunguni

Jamani, kaeni niwaambie mwenyewe kabla mjomba Saidi hajaanza kuwasimulia kwa mikono na miguu. Leo nimeaibika. Nimeaibika Mbarara mjini, mchana kweupe, mbele ya wakwe. (Kama bado ni wakwe.)

Mariamu mnamjua. Hapa kambini Nakivale, Juru nzima mmeshachoka kumsikia. Baba yake ni Mzee Hamza, karani mstaafu wa jeshi kule Makenke, siku hizi ana duka la vitenge. Nilimwomba binti yake tangu mvua zilizopita. Hakukataa. Alisema tu, "Kijana, mahari tutaongea. Kwanza iko mtihani."

Mtihani wenyewe ni mchezo aliofundishwa na bosi wake Mzungu kabla ya uhuru. Unapewa neno refu la Kiingereza. Unachukua herufi zake zilezile, huongezi, hupunguzi, unapanga neno jingine. Percussion inageuka supersonic. Punishment inageuka nine thumps, na Mzee akilitaja hilo hucheka mpaka machozi, peke yake. Wachumba waliotangulia wote waliondoka kwa mchezo huo. Nilimuuliza kwa nini anawatesa watu hivyo. Akavua miwani.

"Mtu akijua kupanga upya kitu yake, bila kuongeza, bila kupoteza, huyo hawezi kulaza mtoto yangu njaa."

Maneno yale yaliniingia. Sisi tuliotoka Burundi na godoro moja nyumba nzima, kupanga upya ndiyo kazi yetu.

Shida ni kwamba Kiingereza changu ni cha kuuzia maharage. Kifaransa ninacho kidogo, lakini Mzee hataki kukisikia. Mariamu akanionea huruma. Nilipopeleka mzigo sokoni, akapita karibu kama anayekagua nyanya, akaninong'oneza neno la mtihani: conversation. Na jibu lake: conservation. (Maana yake msiniulize.)

"Njoo na herufi zako mwenyewe," Mzee alikuwa ameagiza. Karatasi ngumu nitaitoa wapi mimi? Nikachagua maharage, yale makubwa ya rangi ya maziwa. Nikapasha moto ncha ya spoku ya baiskeli, nikachoma herufi moja juu ya kila harage. Herufi za neno hilo tu, basi. Nikazitia kwenye kifuko cha kitambaa, nikawa najiona nimeshaoa.

Sasa, mila yetu mnaijua. Anayepeleka gunia la maharage ugenini hutanguliza kifuko kidogo cha yaliyochaguliwa, yapikwe siku ileile wenyeji waonje. Wanunuzi wetu wa Mbarara nao wameshaizoea. Mjomba Saidi, mshenga wangu, alibeba gunia. Mimi nilishika kifuko mkononi. Kichwani nilikuwa na Kiingereza kitupu, mila nimeisahau barabarani.

Tumefika asubuhi. Mlangoni akatupokea Senga, ndiye shangazi yake Mariamu, mama mnene mwenye sauti ya mwadhini. Akapiga vigelegele. Akapiga magoti. Akakipokea kifuko changu kwa mikono miwili.

"Webare munonga, asante sana, mwanangu!"

"Senga, hicho..."

"Nimeona, nimeona! Umechagua kabisa!"

Akaingia nacho jikoni, nikasikia akiyamwaga juu ya maharage mengine chunguni. Niambieni, mngefanya nini? Kuomba zawadi irudishwe, mbele ya wazee, siku ya posa? Nikakaa mkekani. Mjomba akaanza kusifu ukoo wetu. Mimi nilikuwa nasikiliza chungu kikitokota upande wa pili wa ukuta nyuma yangu, na kila kilipochemka nilihisi mahari yangu inaiva humo ndani.

Adhuhuri tukaswali. (Niliomba kitu kimoja tu, kwamba moto uzime.) Kisha sinia zikaja, matoke na maharage. Nikajipa moyo kwamba alama zitakuwa zimefutika. Wapi! Harage likiiva linavimba, na alama ya moto inavimba nalo. Nililiona la kwanza kabla ya bismillahi, limelala juu ya tonge la Mzee Hamza. Herufi S, imenenepa, inasomeka kama kibao cha duka.

Mzee akalishusha. Akavaa miwani. Akalitazama muda mrefu.

"Nani aliandika hii chakula?"

Kasimu, mdogo wake Mzee, akachambua sehemu yake. Akakuta A. Akakuta R. Akatema alichokuwa nacho mdomoni, akaruka mpaka ukutani.

"Dawa! Hii ni dawa ya mapenzi! Hawa watu ya Nakivale wametulisha dawa!"

Watu wote wakaacha kula. Senga akashika kichwa, maana ndiye aliyepika. Mjomba Saidi akanifinya paja kwa nguvu zake zote. Nami nikaona njia ziko mbili tu, na zote zinaelekea shimoni. Nikinyamaza, mimi ni mchawi. Nikisema, mimi ni mwizi wa mtihani, na Mariamu ndiye aliyenifungulia mlango.

Nikamtazama Senga, bado ameshika kichwa. Nikasema.

"Mzee, si dawa. Ni Kiingereza."

"Kiingereza gani?"

"Conversation."

Jamani! Mzee akaanza kukusanya maharage yenye herufi kwenye sinia zote, moja baada ya jingine, anafuta mchuzi kwa kidole, anayapanga ukingoni mwa sinia yake. Hakuna aliyethubutu kumsaidia. Alipomaliza akainua macho.

"T iko wapi?"

Kila mtu akatazama mbele yake. Kasimu akaacha kupiga kelele. Mkono wake ukashuka polepole mpaka tumboni.

"Kaka... mimi nilimeza kabla ya kuona."

"Basi kaa chini. Umemeza herufi, hutakufa."

Halafu akanigeukia mimi. Sauti yake ilikuwa ya chini, na ningefurahi zaidi angenipiga.

"Umeleta herufi ya neno moja tu. Hakuna ingine. Hii neno ilikuwa kwa kichwa yangu. Mtu moja tu alinisikia nikijipima nayo."

Mariamu alikuwa amesimama mlangoni na birika la maji ya kunawa. Hakukimbia.

"Ni mimi, baba."

"Kwa nini?"

"Niliogopa atashindwa. Na mimi simtaki mwingine."

Niwaambie ukweli, furaha na aibu vilinijia kwa pamoja, nikashindwa hata kuinua uso. Nilitaka kulia, nikaona haya kulia mbele ya matoke.

Mzee akasema, "Kuleni." Tukala. Hakuna aliyetaja mtihani wala mahari. Mjomba Saidi alitoka kidogo kunawa, akarudi akiwa kimya, na mjomba kukaa kimya ni jambo la kutisha. Tukaaga. Mlangoni Senga akanirudishia kifuko changu, bila kunitazama.

Hapo ndipo mila iliponirudia. Kifuko cha mgeni hakirudi kitupu. Kikirudi kitupu, umeambiwa usirudi. Nikakitumbukiza mfukoni mwa koti haraka, sikutaka hata mkono wangu upime uzito wake.

Tukapanda lori. Njia nzima nimeweka mikono mbali na mfuko huo, nasema moyoni, Mariamu ameshanipotea. Tulipokaribia nyumbani mjomba akachoka kunitazama.

"Fungua."

"Siwezi, mjomba."

"Fungua, wewe. Nilipokwenda kunawa nilimwona Mzee Hamza amechutama kwenye gunia letu, na miwani yake, anachagua. Nilidhani anatafuta dawa nyingine."

Nikafungua. Maharage. Mabichi, makavu, yale makubwa ya rangi ya maziwa, yamejaa mpaka kamba ilikuwa haifungi vizuri. Nimeyageuza yote, moja moja, na hakuna hata moja lenye alama.

Basi msicheke. Spoku iko motoni tayari, safari hii narudi kwenye mtihani na alfabeti nzima. Na kama kuna mwenye neno refu la Kiingereza, tafadhali akae nalo, asininong'oneze.