Malalamiko Kuhusu Babu Kupozwa na Mkamwana Wake

Soweto, Mbeya
Jumanne

Kwa Mganga Mfawidhi,
Kituo cha Afya, Bonde la Usangu.

Ndugu Mganga Mfawidhi,

Kabla sijalalamika, naomba nikiri jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote. Jumamosi iliyopita Babu yangu, Mzee Anyelwisye, alipozidiwa na joto kwenye jaruba lake la mpunga huko kwenu, akaanza kuwatangazia ndege yangeyange ratiba ya ibada, mimi ndiye niliyemlaza chini na kumfunika blanketi. Mkobani nilikuwa na kitabu cha huduma ya kwanza cha maktaba ya shule. Nilikuwa nimekisoma mara mbili. Lakini kwetu Mbeya mgonjwa hufunikwa, na mikono yangu ilifanya kazi kabla kichwa hakijakumbuka.

Hilo ni kosa langu. Yanayofuata ni yenu.

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu. Kuongea mbele za watu kunanishinda, ndiyo maana naandika. Kwa mila yetu Wanyakyusa, mkamwana, yaani mke wa mwanao, hamwoni baba mkwe wake, wala yeye hamwoni. Mama yangu ni Mhehe wa Kihesa, Iringa, lakini tangu aolewe na baba yangu Jofrey ameishika mila hii kuliko sisi wenye nayo. Yeye na Babu wameishi uwanja mmoja miaka kumi na saba. Babu akifika getini hukohoa mara tatu, Mama huingia ndani. Chakula nakipeleka mimi, shukrani nazirudisha mimi. Mama hajawahi kulitamka jina la Babu, na tumekaa kwa amani.

Mama huyo ndiye Muuguzi Anjela Kalinga, aliyekuwa zamu Jumamosi tulipomfikisha Babu kituoni kwako kwenye tela la pawatila, lile trekta dogo la mkono.

Tangu siku hiyo Babu hatoki chumbani kwake. Begi lake limefungwa, liko mlangoni. Anasema Ijumaa anahamia Rungwe moja kwa moja, kwa kuwa hawezi tena kukohoa getini kama mtu ambaye hajaonekana. Kila jioni mimi ndiye ninayekula naye, na yeye ndiye mtu pekee ninayeweza kumsomea kwa sauti bila kigugumizi. Sitaki aende. Kwa hiyo, kwa heshima zote, hoja zetu ni hizi:

1. Koti. Babu alitoka Mbeya alfajiri amevaa fulana, shati, sweta na koti la sufu. Muuguzi alivivua vyote kwa muda usiozidi wa kumenya ndizi. Koti hilo hata mchungaji hajawahi kuliona likiwa limefunguliwa vifungo.

2. Turubai. Badala ya kitanda, Babu alilazwa uani, chini ya kivuli, ndani ya turubai la kuanikia mpunga. Wapakiaji wanne wa mashine ya kukoboa mpunga ya jirani walishika pembe, maji ya kisima yakamiminwa ndani, na Babu akatikiswa. Mmoja wao, Asukile, alisema kwa sauti, "Polepole jamani, huyu si wa kukobolewa!" na foleni nzima ya wagonjwa ikacheka. Babu ni mzee wa kanisa. Alibatizwa kwa kunyunyiziwa, na hakuomba kurudiwa kwa kuzamishwa.

3. Barafu. Friji lenu halikuwa na barafu, kwa hiyo Muuguzi alinunua barafu za ubuyu kwa mama anayeuza nje, akamwekea Babu shingoni, makwapani na mahali pengine. Vifuko viwili vilipasuka. Nilipoona maji yamekuwa mekundu nilidhani ni damu, nikalia mbele za watu, mimi ambaye darasani siombi hata ruhusa ya kutoka. Naomba siku zijazo itumike ya ukwaju.

4. Kipimajoto. Muuguzi alisema kwapa lenye ubuyu haliwezi kusema kweli. Kwa hiyo kipimajoto kilipita njia ambayo Babu ameniagiza nisiiandike. Kilisoma nyuzi arobaini na moja na nusu. Kwa mila yetu mkamwana hatakiwi kuona hata kivuli cha baba mkwe wake.

5. Daftari. Katika safu ya jina la mgonjwa, Muuguzi ameandika "Baba yake Jofrey". Wenzake walimwambia, "Dada, andika jina kamili," naye akawajibu, "Hilo siandiki." Kwa kumbukumbu zenu, basi, Mzee Anyelwisye hajawahi kuugua, na aibu aliyoipata haina mwenyewe.

6. Maneno. Joto lilipokuwa likishuka, Muuguzi alimwambia, "Baba, legeza mkono." Ndilo neno lake la kwanza kwake tangu aolewe. Kibaya zaidi, Babu alijibu, "Haya, mwanangu." Hawezi kusingizia kuchanganyikiwa, kwa sababu kipimajoto kilikwisha kushuka chini ya thelathini na tisa.

7. Kupona. Hili ndilo kubwa. Babu angekufa, tungejua la kufanya. Msiba una utaratibu wake. Kwa mtu aliyevuliwa, akatikiswa, akapakwa ubuyu na mkamwana wake, kisha akapona kabisa, mila haina utaratibu wowote. Mmetuachia mzee mzima asiye na pa kuweka uso.

Haki inanilazimu kueleza kwamba kitabu kinakubaliana na Muuguzi karibu katika kila hatua, na kinasema kuchelewa ndiko kunakoua. Lakini mwandishi wake haelekei kuwa na wakwe. Hata Bibi yangu wa Kihesa, Bibi Rozalia, nilipompigia simu alisema, "Mtu akifa kwa adabu, hiyo adabu anabaki nayo nani?" Yeye si wa mila yetu, kwa hiyo nimeyaandika maneno yake kama taarifa tu.

Tunaomba ukutani, jirani na ratiba ya chanjo, pabandikwe orodha ya baba wakwe wa wauguzi wote. Baba mkwe akiletwa, muuguzi ampoze akiwa nyuma ya pazia, amefumba macho, na mjukuu asimame katikati kupokea nyuzi joto na kuzifikisha. Nafasi hiyo niko tayari kujitolea. Ikiwa haya hayawezekani, Halmashauri iombwe kulipunguza joto la Usangu.

Wasalimie wauguzi wote, mama wa barafu, na wale wapakiaji watatu. Asukile atasalimiwa akijirekebisha.

Ni mimi, kwa utii na masikitiko,
Tupokigwe Jofrey

Nyongeza: Babu aliagiza nimsomee barua kabla sijaifunga. Nilipofika hoja ya tano alinisimamisha. Hakuwa na habari za daftari.

"Hakuliandika?"

"Hakuliandika, Babu. Na kalamu alikuwa nayo mkononi."

Aligeuka akalitazama begi lake mlangoni. Nikaona ndiyo nafasi, nikamwambia habari ya blanketi. Akasema, "Hata mimi ningekufunika." Kisha akaniuliza kama Muuguzi Kalinga atakuwa zamu Alhamisi, kwa sababu anataka kupimwa presha na hataki mtu mwingine amguse. Tafadhali mjulishe Muuguzi.

Baada ya hapo nilifungua begi, nikalitundika koti kwenye msumari wake, na sasa nampa Mama barua hii akuletee.