Kuunga Mkono Maegesho Yatakayopita Juu ya Banda Langu

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti,
Kamati ya Mipango ya Halmashauri.

Ndugu Mwenyekiti,

Natumaini wewe na wajumbe wako hamjambo, na migongo imepona baada ya kikao kirefu cha Jumanne. Mimi ni yule fundi viatu aliyekaa mstari wa nyuma, karibu na dirisha bovu. Niliinua mkono mara tano, nawe mara zote tano ukadhani najinyoosha. Ndiyo sababu naandika. Mlikuwa mkipitia ombi la supamaketi la kupanua maegesho yake kutoka magari mia mbili hadi mia sita. Nina manung'uniko machache, na baada yake ombi.

1. Ramani. Mhandisi wenu alipoitundika ukutani, ubavuni mwa supamaketi palipakwa rangi ya kijani na kuandikwa "eneo wazi". Hapo ndipo lilipo banda langu. Ndipo alipo kinyozi pia, na kile kinjia kiendacho zahanati. Kumbe nimekuwa eneo wazi kwa miaka kumi na tisa bila kujijua. Nashukuru kuelimishwa, ingawa ningependa kujua wateja walionigombeza juu ya visigino miaka yote hiyo walikuwa wakimgombeza nani.

2. Daftari la shemeji yangu. Mdogo wa mke wangu ni mkunga hapo zahanati, na dirisha la chumba chake linatazama maegesho. Kwa wiki tatu aliyahesabu magari asubuhi, mchana na jioni. Hayakuwahi kuzidi mia moja na kumi. Kikaoni alipewa dakika mbili. Ya kwanza uliitumia wewe kumshukuru meneja wa supamaketi kwa maji ya chupa. Katika ile iliyobaki aliuliza jambo moja tu: "Njia ikizibwa, wajawazito watapita wapi?" Ukamjibu, "Watazunguka," ukafunga faili. Naye akafunga daftari lake taratibu, akashuka ngazi bila kuniaga, na huyu ni mtu anayeniaga hata akienda dukani mara moja.

Kwa faida ya faili lako, kuzunguka ni hatua elfu moja mia nne na sitini. Nimezitembea.

3. Uzio. Mlisema mnakwenda kutafakari kwanza. Jumatano asubuhi nikakuta mabati yamesimamishwa, yamekata njia katikati. Sijawahi kuona tafakuri iliyopigiliwa misumari.

Alhamisi saa tatu asubuhi mama mmoja alifika kwenye mabati hayo, akageuka, akaja kushika nguzo ya banda langu. Nikamwambia, "Dada, kaa kwanza." Akasema, "Fundi, sikai tena. Niitie mkunga." Kinyozi aliuruka uzio kwenda kumwita, na shemeji akauruka uzio huo huo kuja, gauni la kazi limechanika pindoni. Mimi niliondoa viatu vya watu mezani, nikatandika aproni yangu safi, nikageukia ukutani kama nilivyoamriwa. Mtoto ni wa kike, mzima, ana sauti. Hadi jioni sikuweza hata kutunga uzi kwenye sindano. Shemeji alikaa kwenye kigoda changu, akasema, "Mtoto huyu angetanguliza miguu, shemeji, sasa hivi tungekuwa na msiba." Nimeliandika kama alivyolisema.

4. Ombi lenyewe. Baada ya hayo, Mwenyekiti, nimebadili msimamo. Naunga mkono upanuzi, tena nauona mdogo mno. Ikiwa kazi ya zahanati inaweza kufanyika kwenye meza ya fundi viatu, zahanati ya nini? Ivunjwe, yaegeshwe magari. Shule iliyo nyuma yake nayo ivunjwe, watoto watazunguka. Ukumbi wenu wa halmashauri una ua mpana, na kwa kuwa maamuzi mnayafanyia kwingine, sioni unakalia nini nafasi hiyo.

Yakifika magari elfu nne, mwenye gari la mwisho atatembea nusu saa hadi mlangoni, na nusu saa kurudi na mizigo yake. Kwa kokoto mlizochagua, soli nzuri haimalizi miezi miwili. Tangu ujana wangu sijaona halmashauri ikimjali fundi viatu kiasi hiki. Nipeni kibanda kimoja tu katikati ya uwanja huo, nami nitawaombea dua wajumbe wote kwa vyeo vyao.

Nisalimie mhandisi, karani, na mjumbe aliyesinzia, ambaye kati yenu wote ndiye hakumdhuru mtu. Mama mzazi na binti yake wanawasalimu.

Wako mtiifu,
Fundi viatu.

Nyongeza: Nilikuwa nagundisha bahasha meneja wa supamaketi alipopita na habari njema. Wataleta vigari vya kuwabeba wateja kutoka kwenye magari yao hadi mlangoni, asichoke mtu. Basi hakuna atakayetembea, isipokuwa wajawazito. Naomba uifute barua hii yote, ubakishe namba tatu. Shemeji ameazima nyundo yangu kubwa, ameelekea kwenye mabati, na kinyozi yuko nyuma yake. Nafunga banda niwafuate.