Ubatizo wa Kiangazi

Jumatatu, 6 Oktoba. Matinyani.

Siku ya kufua. Maji ni ndoo moja kwa watu wawili, na mwenzangu Mzee Waithaka ametangulia. Mashati yangu meupe sasa yana rangi ya chai, kinywaji ambacho kanisa letu halituruhusu hata kukionja. Kwetu Bukoba mvua hunyesha mpaka mtu anaudhika. Tangu nivuke mpaka kuja huku Kenya sijaona wingu lenye nia njema.

Atakayesoma shajara hii baada ya kifo changu ajue kwamba sisi si wazee. Mimi nina miaka ishirini na moja. Mzee ni cheo cha mmisionari wa Kimormoni, na kimeandikwa kwenye beji yangu kifuani: Mzee Rutashobya. Watoto wa hapa wakikisoma hucheka. Sijibu. Nabii hana heshima popote.

Habari kubwa. Rais wa misheni anakuja Jumapili kumtangaza kiongozi mpya wa wilaya. Wanaotajwa ni mimi na Mzee Wanyoike wa Tawa. Wanyoike amenipigia simu, eti kunijulia hali. Mwishoni akasema, kama mtu aliyekumbuka tu, kwamba Jumamosi anabatiza familia nzima bwawani. Nimempongeza. Kisha nimefua soksi kwa hasira.

Mimi nina mtu mmoja wa kubatiza, Mama Kasiva. Na kisima cha ubatizo kanisani mjini kinavuja, fundi anasema mwezi ujao. Rais ametuambia tungoje. Lakini hakusema tungoje bila kufikiri.

Jumanne, 7 Oktoba.

Kwa Mama Kasiva. Ni mjane. Mumewe, Nzomo, alifariki mwezi wa tatu, na kaburi lake liko nyuma ya jiko, limezungushiwa mawe. Nimemwamkia Shikamoo. Amemuuliza Waithaka, kwa mara nyingine, huyu kijana anasemanga nini. Kwa Kikamba yeye husema Wakya, na kijana hujibu Aa, basi imetosha. Waithaka huitamka Aa hiyo kama mzaliwa wa Kitui. Kazaliwa Murang'a! Ndiyo maana kiti chenye mgongo hupewa yeye.

Kwa ajili ya ubatizo Mama Kasiva ameacha ugoro, kisha chai. Na ugoro waliagana vizuri, anasema. Na chai bado wanagombana kila asubuhi.

Kilichomleta kwetu ni kimoja. Tulimfundisha kwamba mume na mke wanaweza kuunganishwa hekaluni, hata kama mmoja amekufa, na kaburi lisiwatenganishe tena. Ila kwanza abatizwe, kisha angoje mwaka. Ana presha na hesabu ya mwaka anaijua. Leo aliweka kikombe chake cha maji ya moto chini, akauliza.

“Kijana, niambie ukweli. Nikibatizwa, Nzomo nitampata?”

Nikasema ndiyo. Nilisema haraka kwa sababu nilikuwa natazama mto ulio chini ya nyumba yake. Waithaka akamwambia kwamba sisi tunaamini hivyo kwa moyo wetu wote. Mama akamshukuru Waithaka. Mimi ndiye niliyejibu kwanza!

Sasa, huo mto. Ni mchanga mtupu. Lakini akina mama huchimba shimo kwenye mchanga na maji huja yenyewe, polepole, safi kabisa. Kisima cha juu ni cha kunywa, kimezungushiwa miiba. Cha chini ni cha punda na ng'ombe. Maji safi, ua, faragha. Niliuona mkono wa Mungu waziwazi.

Jumatano, 8 Oktoba.

Nimeanza mpango. Huku kuna mwethya, majirani wanaolimiana, wanaojengeana na kuchimbiana mitaro ya shambani. Usipokwenda kwa wenzako, kwako hawaji, na shamba lako litakuaibisha. Mwenyekiti ni Mama Mbinya, nguzo ya kanisa jingine, mwenye mikono kama ya fundi wa mawe. Yeye hatupendi. Kwa sababu ya Kitabu chetu cha Mormoni, anasema watu wa biblia mbili ni kama mtu wa wake wawili, hajui atalala wapi.

Nimemwendea kwa unyenyekevu. Nimesema sisi wageni tunataka kujitolea, tusaidie kupanua kile kisima cha kunywa. Alitazama viatu vyangu kwa muda mrefu. Akakubali. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

Alhamisi, 9 Oktoba.

Kuchimba kutwa. Mchanga ukitolewa, mwingine unateleza kurudi, ndivyo ilivyo hata dhambi. Tumepanga mawe kuuzuia. Kina kimefika kiunoni. Nimeweka na ngazi. Mama Mbinya akauliza ngazi za nini, kisima hakijawahi kuwa na ngazi. Nikajibu ni kwa usalama wa akina mama. Si uongo. Mama Kasiva ni mama.

Mama Mbinya akaniombea hapohapo kwa sauti, mikono yake kichwani pangu, kwamba Mungu anibariki na anifungue macho kuhusu hiyo biblia ya pili. Nilisema amina kwa sehemu ya kwanza.

Wiki ijayo mwethya ni zamu ya Mama Kasiva. Mitaro yake imebomoka, na mvua ikiikuta hivyo, udongo wote utaishia mtoni. Alituambia haya akiwa na furaha. Mimi nilikuwa nahesabu malengelenge.

Ijumaa, 10 Oktoba.

Nimemweleza Waithaka. Alikaa kitandani, soksi moja mguuni, nyingine mkononi. Akasema yale ni maji ya watu. Nikamwambia yatabaki kuwa maji. Akasema haraka haraka haina baraka. Nikamwambia chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Akauliza, kama ni lazima, mbona nisitumie kisima cha chini. Nitambatiza binti wa Mungu kwenye maji ya punda?

Mimi ndiye mwenza mkuu na nimeamua. Kanuni inasema wenza wasitengane, kwa hiyo atakuja, apende asipende. Kanuni nzuri sana. Mama Kasiva nimemtumia ujumbe ajiandae mapema na avae nguo nyeupe. Mahali sikutaja. Anadhani tunakwenda mjini.

Wanyoike nimemwandikia kwamba kesho Matinyani nako kuna jambo. Hajajibu. Ameumia.

Jumamosi, 11 Oktoba.

Naandika polepole. Mikono bado ina baridi.

Mama Kasiva alitoka nyumbani akiwa ameng'ara. Alipitia kwanza kaburini, akasimama pale, sijui alisema nini. Akashangaa tuliposhuka mtoni badala ya kupanda barabarani, ila alitufuata. Nilifungua miiba. Nikashuka ngazi zangu, kwa mavazi meupe, nikaingia majini mpaka kiunoni. Nikamnyooshea mkono.

Hakuja. Alisimama ukingoni akiangalia maji, kisha suruali yangu, kisha maji.

“Toka hapo, kijana,” akasema. “Hii ndio maji watoto ya Mbinya wanakunywa.”

Nilimweleza kwamba ni dakika moja tu. Nikamkumbusha mwaka wa kungoja, na presha. Nikamkumbusha Nzomo. Ndiyo, nilimtaja Nzomo. Uso wake ulibadilika na nikajua nimegusa mahali nisipotakiwa kugusa. Alilia, lakini mguu hakuusogeza.

Hapo ndipo nikasikia mitungi. Akina mama walikuwa wanateremka na punda, Mama Mbinya mbele. Walisimama. Hakuna aliyepiga kelele, na afadhali wangepiga. Mama Mbinya aliziangalia ngazi. Aliziangalia muda mrefu kuliko alivyoviangalia viatu vyangu. Kisha akamgeukia mwenzake.

“Kasiva, ulijua?”

Neno moja tu lingemwokoa: hapana. Nilimngoja alitamke, hata nilikuwa tayari kusamehe. Mama Kasiva akasema hawa ni wageni wake, wanakula kwake, na mgeni akiharibu, mwenye mgeni ndiye hujibu.

Mama Mbinya akasema kisima kichotwe chote, mpaka mchanga, na maji yaachwe yaje upya. Na zamu ya Kasiva itakwenda mwisho, baada ya wengine wote. Wote tunajua maana yake. Mvua itafika kabla yao.

Mama Kasiva hakubisha. Akachukua kibuyu, akapiga magoti na lile vazi jeupe la ubatizo, akaanza kuchota maji na kuyamwaga mchangani. Waithaka akavua viatu akamsaidia. Akina mama wakaungana nao, mmoja mmoja. Punda walisubiri. Mimi nilisimama pembeni nikitiririka, hakuna aliyenipa chombo. Niliona haya. Niseme tu, niliona haya sana.

Maji yalirudi jioni. Wakati wa kuondoka nilimuuliza Mama Kasiva kama bado anataka kubatizwa. Vazi lake lilikuwa tope tupu.

“Mto ukija, nitaingia,” akasema. “Nzomo amengoja kutoka Machi. Atangoja mvua.”

Waithaka akamwambia kwamba kuanzia Jumatatu tutakuja kila asubuhi kumchimbia mitaro, sisi wawili, mpaka iishe. Hakuniuliza! Wenza wasitengane. Hiyo kanuni inahitaji kuangaliwa upya.

Jumapili, 12 Oktoba. Migwani.

Rais hakuja. Gari limemharibikia njiani, atakuja mwezi ujao. Wanyoike naye hakubatiza: baba wa ile familia alisafiri. Nimempigia kumpa pole. Nilimpa pole ndefu.

Ibada ilikuwa Migwani, kwenye darasa la shule tunalokodi. Mama Kasiva alikuja, na vazi lilelile, alilifua kwa maji ya kisima cha chini, doa halijatoka. Aliketi karibu na Waithaka. Wakati wa maombi nilimsikia akimwombea Mama Mbinya, kisha watoto wa Mama Mbinya, kisha mimi. Mimi wa mwisho, lakini nimo. Niliapa moyoni kwamba sitamfanyia mama huyu haraka tena. Nilimaanisha kabisa, na nilitoka nje nijifute macho mahali pasipo watu.

Nyuma ya madarasa kuna tangi la maji ya mvua. La saruji, refu, limezungushiwa kivuli cha miti. Nilipanda ngazi yake, nikainua mfuniko, nikachungulia. Bado lina maji tangu msimu uliopita, ya baridi, safi ajabu, ya kufika kiunoni. Watu wawili wanaenea. Bomba la wanafunzi la kunywea liko upande wa pili kabisa.

Na lina mfuniko. Hakuna atakayejua.

Kesho, mitaroni, nitamweleza Waithaka.