Mjakaranda wa Kumrudisha Redempta

Jumatatu, 8 Novemba 1993
Barua ya mke wangu imefika kutoka Mpui! Mwezi wa tatu sasa yuko kwa wazazi wake na mtoto wetu Sayi. Anasema vumbi la uani kwetu ndilo linalomletea kikohozi. Nikipanda ukoka litatulia, naye atarudi. Atakuja kuangalia Jumamosi. Ukoka! Majani ya kukanyagwa! Mpita njia ataona nini? Jirani yangu Wilibrodi ana mjakaranda, umejaa maua ya zambarau, mtaa wetu mzima wa Kizwite husimama kuutazama. Kwangu, tangu nipunguzwe kazini, hasimami mtu.

Jumatano, 10 Novemba
Nimenunua mche wa mjakaranda. Mama muuza miche alinishauri nichukue ukoka. Nikamwambia nina mke wa kumrudisha, sina ng'ombe wa kulisha. Mche unanifika gotini. Nikauliza utatoa maua lini. Miaka saba, Mungu akipenda. Redempta anakuja Jumamosi hii!

Ijumaa, 12 Novemba
Mpango umepatikana. Wilibrodi yuko gulioni na mitumba yake. Nimeruka uzio, nimekata matawi matatu yenye maua, nimeyafunga kwenye mche wangu kwa uzi mweusi. Jovina, mke wa Wilibrodi, alinikuta juu ya mti wao. Nikasema nakagua wadudu. Akasema tu, "Shuka, shemeji, utavunjika." Afadhali angenitukana.

Jumamosi, 13 Novemba
Redempta alikuja na gunia la ukoka kichwani. Alianza kukohoa kabla hajanisalimia. Akagusa maua, yakapukutika yote mkononi mwake, ukabaki uzi. Nilingoja acheke. Hakucheka.
"Baba Sayi, haya ndiyo yatanitibu kifua?"
Nikamwomba avumilie miaka saba. Akaenda kwa Jovina, akangoja gari la Mpui huko huko. Na gunia akaliacha huko.

Alhamisi, 25 Novemba
Mvua imeanza. Uani kwa Wilibrodi ukoka umeshika, kijani kitupu. Jovina ameleta ujumbe: Redempta anaomba nguo zake zote, na cherehani. Nimefunga mizigo mwenyewe. Chumba sasa kinatoa mwangwi nikipiga chafya. Nimekaa kibarazani mchana kutwa nikijiuliza nilipokosea. Hatimaye nimepaona. Rangi! Redempta hajawahi kupenda zambarau. Kesho nafuata mche wa maua mekundu.