Sauti ya Maestro Kwenye Redio ya Soul

Habari aliileta Kamilah, pamoja na redio yake mkononi: ile stesheni ya soul inayosikilizwa na kila kinyozi huku Marekani kuanzia Shaw mpaka Lanham imeokota santuri ya zamani ya dansi kutoka Dar, na wasikilizaji hawaishi kupiga simu irudiwe.

"Wazee wa soul wanalilia Kiswahili wasichokielewa," alisema. Kamilah ni Mmarekani Mweusi aliyesomea lugha hii chuoni College Park, ndiyo maana kijiwe kinamwita Sanifu. "Na bendi yenyewe ni ile ya Maestro."

Kijiwe chote cha chai kwa Mama Honorata kikamgeukia Gervas, ndiye huyo Maestro. Miaka nenda rudi Maestro amekuwa akitamba kwamba aliimba kwenye bendi ile, na kwa kutamba huko amekalia kiti pekee chenye mto. Sasa mto ukaanza kumchoma.

"Leo tutajua," alisema Gitau, dereva wa teksi wanayemwita Beltway, kama ile barabara kuu ya mzunguko, kwa kuwa maneno yake huuzunguka mji bila kuingia. "Manze, sauti yako isiposikika, hicho kiti ni changu."

"Itasikika, bwana mdogo. Ila niko mwishoni. Vitu vizuri huja mwishoni."

"Kama bili."

Wimbo ukaanza.

"Ni wewe huyu?"

"Huyo kiongozi wetu."

"Na huyu?"

"Huyo wa Morogoro. Tulia."

Kiitikio kikaingia, watu wengi kwa pamoja. Gitau akainua nyusi.

"Hapo nilikuwa nashikilia spika isianguke," alisema Gervas.

"Maestro, wimbo unaisha," alisema Mama Honorata.

"Na mimi ndo naingia."

Tarumbeta zikafifia. Kwa mbali, kama mtu aliyefungiwa nje, sauti ikasikika: "Oyaaa, twende!" Wimbo ukaisha.

"Ni hiyo tu?"

"Ndiyo hiyo."

"Buda, mto wote huo kwa oyaa moja?"

"Tuliirekodi upya mara kadhaa. Mwanzoni nilikuwa napaliwa."

Gitau alikwishasimama kudai kiti, mtangazaji akaingia redioni. Akawaomba radhi wasikilizaji: kelele za mwishoni hazikutoka studioni kwake, ni za mtu fulani ndani ya santuri, na hakuna anayemjua.

Gervas akajikita vizuri kwenye mto.

"Mmesikia? Mwimbaji hajatajwa. Wapiga tarumbeta hawajatajwa. Nimetajwa mimi."

Gitau akakitazama kiti, akaitazama redio, akarudi kwenye kreti lake la soda.